Uzi usioonekana unaonekana: pa kuanzia kwenye mazingaombwe ya mezani

Vijana wengi wanaonitafuta wakitaka kujifunza mazingaombwe ya mezani, yani yale unayafanya mtu kakaa mbele yako hatua moja tu, swali lao la kwanza huwa ule uzi mwembamba wa kuvuta vitu kwa siri unapatikana wapi. Hakuna anayeuliza taa iko upande gani. Na mi naamini hapo ndipo wanapopotea, maana huu uzi tunaouita usioonekana unaonekana, asee, unaonekana vizuri tu, kazi ya kuuficha ni yako we na nguo uliyovaa na mahali uliposimama.

Tuanze na uzi wenyewe lakini, maana najua mnausubiri. Zamani watu wa kazi hii walikuwa wanatumia unywele wa mtu au hariri iliyochambuliwa. Nailoni ikaja 1935 kwenye maabara ya DuPont kule Marekani, mkuu wa kazi ile akiwa Wallace Carothers, na 1940 soksi ndefu za nailoni za kina mama zikaanza kuuzwa madukani kote kule. Mpaka leo soksi kama hizo ukizifumua unapata uzi wa kuanzia. Njia nyingine ni kwa fundi cherehani mwenye mashine ya ovaloki, muulize kama ana ule uzi laini wa nailoni unaovutika. Usiishie kwenye jina maana kila duka linaita linavyojua, we chukua ncha yake uipekenyue kwa kucha: ikifumuka nywele ndefu ndefu zenye mawimbi ambazo ukivuta zinanyooka na ukiachia zinarudi, ndio wenyewe. Ikitoa pamba pamba fupi, rudisha, huo ni wa kushonea mashuka.

Kosa ambalo karibu kila mtu anaanza nalo ni kununua mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, akidhani kwa kuwa unapitisha mwanga kama kioo basi hautaonekana. Sio kweli kabisa. Mshipi unang'aa, taa ikiupiga tu unawaka kama waya. Uzi mzuri ni mweusi au kahawia iliyokolea na hauna mng'ao, halafu ni mwembamba ajabu: unywele wa mtu una kama milimita 0.07, na unyuzi mmoja wa hii nailoni ni kama milimita 0.02 hivi. Sasa zingatia hilo neno, unyuzi mmoja. Uzi wa dukani ni kamba ya nyuzi nyingi zilizolala pamoja, huwezi kuutumia hivyo hivyo.

Kuuchambua ndio somo lenyewe la kwanza na linataka subira. Zima feni. Tandaza karatasi nyeupe mezani, kata kipande kuanzia ncha za vidole mpaka begani, fumua ncha moja kwa kucha mpaka uone nyuzi zimetawanyika, kisha bandika unyuzi mmoja tu kwenye kipande kidogo cha selotepu ili upate pa kushika. Mkono mmoja ushike selotepu, wa pili ushike ule mkusanyiko uliobaki, halafu vuta taratibu, taratibu kweli. Zile nyingine zitaanza kujikunja na kujikusanya kama soksi iliyolegea inayoshuka mguuni, zikishajazana unasimama, unazinyoosha kwa vidole kuelekea mwisho, unaendelea. Ukisikia umekwama usilazimishe. Mwanzoni utakata nyuzi kumi upate moja, ni kawaida. Ukiipata izungushie kwenye kadi ngumu uliyoikata meno pembeni na ncha zote uziwekee selotepu, la sivyo ukiiweka mezani dakika moja tu hutaiona tena.

Haya, sasa taa. Niliwahi kufanya shoo kwenye send-off moja hapa Dar, meza kwa meza, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mpiga video akazunguka nyuma yangu na ile taa yake juu ya kamera. Binti mdogo wa kama miaka minane akaninyooshea kidole kifuani akasema, "Anko, una utando wa buibui kwenye shati." Na alikuwa sahihi, ulikuwa unawaka wote kuanzia kwenye kifungo. Tangu siku ile nikifika ukumbini natafuta kwanza madirisha na taa, na naongea na mpiga video mapema, namwomba nikiwa kwenye meza akae upande wa wageni, asije mgongoni kwangu. Mwanga ukitoka nyuma yako au ubavuni unauandika uzi. Mwanga uliotawanyika unaotoka juu, usio mkali, ndio rafiki. Jua la moja kwa moja hapana kabisa.

Kitu cha pili ni kilichoko nyuma ya uzi. Ukivaa shati jeupe umechora mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe, mtu ataufuata kwa jicho kama anasoma. Na hapa sisi tuna bahati ambayo naona wengi hawaitumii: kitenge. Shati la kitenge lenye maua madogo madogo, rangi tatu nne zilizokolea, linameza uzi kabisa, jicho linakosa pa kushika. Mi nina mashati matatu ya kazi na yote niliyachagua dukani kwa kulaza unyuzi juu ya kitambaa na kurudi nyuma hatua moja. Muuzaji akishangaa mwache ashangae.

Mchezo wa kwanza ninaowapa wanafunzi ni pete inayopanda kwenye kalamu. Ncha moja ya uzi igandishe kwa nta juu kabisa ya kalamu, ncha ya pili kwenye kifungo cha shati usawa wa kifua. Shika kalamu imesimama wima, karibu na mwili, uzi uwe umelegea. Azima pete nyepesi, sio ile nzito ya dhahabu ya mzee, idondoshe juu ya kalamu. Ikishuka inaukandamiza uzi kuelekea chini, kwa hiyo sasa uzi unatoka kichwani mwa kalamu, unapita ndani ya pete, unatokea chini yake, unarudi kwenye kifungo. Ukisogeza kalamu mbele kidogo kidogo uzi unakaza na pete inapanda. Ndio hivyo tu. Ila watu wanaharibu kwa haraka, wanasukuma mkono ghafla, na mkono unaoruka unamwambia mtazamaji kuna kitu kinavutwa. Mi napitisha mkono mwingine juu ya kalamu kana kwamba ndio unaiita pete, na macho yangu yako kwenye pete muda wote. Ukiutazama uzi, na yeye atautazama.

Nta pia ina mambo yake. Nta laini wanayouza kule kwenye baridi, ukiiweka mfukoni Dar mwezi wa pili inakuwa kama siagi, uzi unachomoka katikati ya shoo. Nachanganya na nta ya nyuki kidogo ili ikaze, kipande cha ukubwa wa punje ya mtama kinatosha. Zile Loops za Yigal Mesika, mbunifu wa vifaa vya mazingaombwe, yani uzi unaovutika uliofungwa duara unaovaa mkononi, ni nzuri sana, ila nakushauri uzinunue baadaye, ukishajua kuchambua wa kwako. Ukizikata tatu kwa siku utalia bei.

Kuna jambo moja naliweka wazi kabla sijaanza kila meza. Nasema ni kiini macho, ni mchezo wa mikono na mazoezi. Kwetu huku kitu kikipanda chenyewe kuna mtu atafikiri majini, na kuna mtu anaweza kukufuata baadaye umtibie mgonjwa au umtajie aliyemroga. Imenitokea, mama mtu mzima kabisa alinishika mkono nje ya ukumbi anataka msaada wa mwanawe. Nilikaa naye nikamwonyesha uzi. Siri ilitoka, na ningefanya hivyo tena.

Ukimaliza, pete ikiwa imefika juu, ichukue kwa vidole na katika kuichomoa sukuma kalamu mbele kidogo zaidi. Uzi unakatika bila sauti. Mpe mwenyewe pete yake na kalamu pia, akague anavyotaka, huku kile kipande kinaning'inia kifuani kwako kwenye maua ya kitenge.