Kuanzia pembeni si kuikimbia katikati

Kwenye mashindano ya klabu, anayefungua mchezo wa sataranji kwa kusogeza askari wake hadi c4, upande wa pembeni, badala ya e4 ya katikati (herufi hutaja safu wima ya ubao, namba hutaja mstari) huangaliwa kama mtu aliyekuja kutafuta sare. Yanayosemwa juu yake ni mengi, na mengi si kweli.

“Ameitelekeza katikati.” Askari wa c4 anaulenga mraba wa d5, na askofu akikaa g2 anaulenga huohuo kutoka mbali. Chukua mfano, Nyeupe ikianza na Nyeusi ikijibu: c4, e5; farasi c3, farasi f6; g3, d5. Nyeupe inakula d5, farasi mweusi anakula palepale, kisha askofu anatua g2. Sasa farasi wa d5 anashambuliwa na wawili huku mlinzi wake ni malkia peke yake. Nyeusi ikimtoa farasi wa pili hadi c6, kwa mazoea tu, imekwisha: farasi wa d5 analiwa bure, maana malkia akilipiza, askofu anamla. Ilipaswa farasi huyo arudi b6. Hapo utaniambia katikati imeachwa?

“Ni michezo ya wapole.” Belgrade, mwaka 1970, Bent Larsen wa Denmark alianza kwa askari hadi b3 dhidi ya Boris Spassky, bingwa wa dunia wakati huo. Spassky alitoa ngome sadaka kwenye h1, na Larsen akasalimu amri baada ya hatua 17 tu. Watu huulaumu ufunguzi, lakini mimi naona b3 inasingiziwa. Farasi mmoja wa Larsen alihama mara tatu ndani ya hatua sita, akaishia kubadilishwa, na mfalme akabaki katikati bila kinga.

“Ni mtindo wa enzi za kompyuta.” Mwingereza Howard Staunton aliicheza c4 Paris mwaka 1843, ndiyo maana unaitwa Ufunguzi wa Kiingereza. Naye Richard Réti, New York 1924, alianza kwa farasi f3 akamfunga Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, ambaye hakuwa amepoteza mchezo tangu 1916.

“Hauhitaji kukariri kitu.” Laiti! Mwaka 1972 kule Reykjavik, kwenye pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Spassky, Bobby Fischer alianza mchezo wa sita kwa c4, na baada ya hatua chache Spassky alijikuta ndani ya Gambiti ya Malkia, ufunguzi ambao Fischer hakuwa na kawaida ya kuucheza akiwa na Nyeupe. Fischer alishinda. Mpinzani wako wa klabu naye anaweza kukugeuzia njia vivyo hivyo, hata bila kujua.