Usiisugue rupia ya bibi: dhana potofu kuhusu rangi za sarafu za fedha

Rupia ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya Mjerumani, ya mwaka 1904, Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma. Bibi alikuwa ameifunga kwenye kipande cha kanga na kuitia chini kabisa ya kasha. Ukingoni ilikuwa buluu ya maji makuu, ikaingia zambarau, na shavuni mwa Kaisari ikaishia dhahabu hafifu. Mimi nikaona uchafu. Nikaipaka ukwaju na majivu, nikasugua mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Bado ninayo. Kila nikiigeuza kwenye mwanga naona mikwaruzo myembamba inayozunguka, njia ya kidole changu ya siku ile. Ndiyo maana naandika haya.

"Rangi ile ni kutu."

Fedha haishiki kutu kama chuma. Huungana na salfa iliyomo hewani au kwenye vitu vinavyoigusa: karatasi, kadibodi, mbao, sufu, mpira. Juu ya uso hujengeka utando mwembamba mno, mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia. Mwanga ukiupiga, sehemu hurudi kutoka juu ya utando na sehemu hurudi kutoka kwenye fedha iliyo chini yake. Miale hiyo ikikutana, baadhi ya rangi huuana na nyingine hubaki. Umeshaliona jambo hili mara nyingi: mafuta ya gari yakielea kwenye dimbwi baada ya mvua.

Kwa hiyo rangi hazitokei ovyo. Utando ukianza ni dhahabu hafifu, kisha kahawia yenye wekundu, zambarau, buluu. Ukiendelea kunenepa huja duru ya pili ya manjano, waridi na kijani. Ukizidi sana, ni weusi mtupu. Mpangilio huo ushike vizuri, utakufaa sokoni.

"Ukiisafisha, bei inapanda."

Inashuka, na hairudi. Sarafu mpya hutoka kiwandani na mistari midogo sana ya fedha iliyotiririka wakati wa kugongwa, na hiyo ndiyo inayoufanya mng'ao uzunguke kama pangaboi unapoiinamisha. Majivu, dawa ya meno na magadi husaga mistari hiyo. Dawa ya kuchovya haikwaruzi, lakini nayo huondoka na tabaka la juu. Chovya mara kadhaa utabaki na sarafu nyeupe isiyo na uhai. Mnunuzi anayejua huitambua kwa kuitupia jicho mara moja.

"Kadiri rangi zinavyozidi, ndivyo ilivyo ya asili na ya bei."

Hapa ndipo watu wanapoumia. Rangi hupikwa: kwa moto wa jiko, kwa yai la kuchemsha, kwa kemikali zenye salfa. Kampuni za Marekani za kupima sarafu, PCGS na NGC, hukataa kuipa daraja la kawaida sarafu ambayo rangi yake inatiliwa shaka.

Mimi huanza na ukingo. Rangi ya asili mara nyingi huanzia pale na kuingia katikati kwa hatua, ikifuata mpangilio ule, na pembeni mwa herufi hubadilika taratibu. Ya kupikwa huruka hatua: buluu kali au waridi imekaa peke yake, haina dhahabu iliyotangulia, na inakatika ghafla. Kisha natafuta mikwaruzo. Nikikuta rangi imeingia ndani ya mikwaruzo ya kusuguliwa, najua sarafu ilisafishwa kwanza, ikavikwa rangi baadaye.

Na hata rangi ikiwa ya kweli, kwanza sarafu yenyewe. Rupia iliyochakaa uso haiokolewi na upinde wa mvua. Dola za Morgan, sarafu za fedha za zamani za Marekani, zinapendwa kwa rangi kwa sababu nyingi zilikaa miaka mingi kwenye magunia ya nguo, elfu moja kwa kila gunia, bila kupita mikononi mwa watu. Uso ulikuwa mzima, rangi ikaja juu yake.

"Nyeusi na imeandikwa 1780, basi ni ya 1780."

Hii ni riale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani waliiita riale ya Sham. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kugongwa na tarehe ileile hadi karne ya 20, Vienna, London, Roma, hata Bombay. Weusi hauthibitishi umri. Wiki chache karibu na mpira zinatosha kuuleta.

"Shilingi ya simba ni fedha."

Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina fedha robo tu. Kuanzia 1948 haina kabisa.

"Picha haidanganyi."

Rangi hizi huonekana pale tu mwanga unapogonga uso na kurudi sawasawa kwenye lenzi. Piga kutoka juu huku taa iko pembeni kabisa, utapata kijivu. Mimi huweka sarafu kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha, nazima flashi, nasimamisha simu kwenye rundo la vitabu, kisha naiinua sarafu upande mmoja kwa kijiti cha kiberiti mpaka rangi iwake. Karatasi nyeupe pembeni husaidia kujua kama kamera imepotosha rangi. Sigusi kitufe cha kukoleza rangi. Ninaponunua, naomba video sarafu ikiinamishwa polepole: rangi ya kweli hucheza na mng'ao, hufifia na kurudi. Muuzaji mwenye picha moja tu, iliyokolea kupita kiasi, simtumii pesa.

Kuhusu kuhifadhi, epuka mpira wa kufungia noti, na epuka plastiki laini inayonuka kama kitambaa cha meza kipya. Hiyo huacha ute wa kijani unaokula sarafu. Ute huo hutolewa kwa asetoni safi, siyo ile ya kuondolea rangi ya kucha, na utando wa rangi hubaki palepale. Shika sarafu kwa kingo. Joto na unyevu wa pwani huharakisha kila kitu, kwa hiyo zangu zinakaa kwenye vikasha vigumu vya plastiki, mbali na ukuta wa nje, na kila baada ya miezi michache nazitazama tena dirishani.