Kijana Kavaa Kofia ya Watani: Tunayoyaamini na Yalivyo

Tarehe 20 Desemba 2023, mzee mmoja tunayefanya naye zamu ya mchana hapa Columbus, Ohio, hakumaliza chakula chake. Sandwichi aliiacha nusu, simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji, macho yote kwa kijana wa miaka 18 aliyekuwa Florida. Kijana mwenyewe ni Jeremiah Smith, mdakaji wa futiboli ya Kimarekani aliyewekwa namba moja kati ya wachezaji wote wa sekondari nchini. Alikuwa ameahidi kujiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State tangu mwaka uliotangulia. Siku hiyo akavaa kofia ya Ohio State mbele ya kamera, maana huku kijana hutangaza chuo alichochagua kwa kuvaa kofia yake, watu wakashangilia, kisha akaondoka na karatasi zake za kujiunga hazijafika chuoni. Vyuo vya Miami na Florida State vilikuwa bado vinamnyemelea.

Mchana ukawa mrefu. Mzee akaanza: mtoto hana msimamo, mtoto kaharibiwa na hela, na ukimwangalia vizuri hata mbio zake si zile zinazosemwa. Jioni karatasi zikaingia. Kesho yake mzee akaja kazini anang'aa. "Nilikwambia," akasema, "yule ni mtoto wetu."

Hakuniambia. Lakini nilimwelewa, maana nimekulia Ilala katikati ya Simba na Yanga, na naujua uso wa mtu anayemwona mchezaji wake kavaa rangi za watani wa jadi. Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, simu yangu ilijaa matusi na vicheko siku tatu mfululizo. Tofauti ni kwamba Chama alikuwa mtu mzima aliyemaliza mkataba wake. Hawa wa huku ni watoto wa sekondari, na mengi yanayosemwa juu yao hayana miguu.

Dhana: Alishaahidi, kwa hiyo akigeuka ni msaliti

Hii ndiyo inayowaka kuliko zote, na chanzo chake ni neno moja. Wenyewe husema kijana "kakomiti", na shabiki akisikia hivyo anaona ndoa imefungwa. Kumbe ni posa tu, tena ya mdomo. Haimfungi kijana, haimfungi chuo. Kinachofunga ni saini, na saini ina majira yake: zamani ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari, na tangu 2017 kumeongezwa kipindi cha mapema mwezi Desemba, ambacho sasa ndicho wengi wanachosainia. Kuanzia 1964 kulikuwa na barua maalumu ya kusudio ambayo mchezaji aliisaini na vyuo vingine vikalazimika kumwacha. Barua hiyo ilifutwa Oktoba 2024, mahali pake pakabaki mikataba ya ufadhili.

Kabla ya saini, lolote laweza kutokea hata mbele ya televisheni. Februari 2011 Cyrus Kouandjio, jitu la mstari wa mbele, alitangaza moja kwa moja hewani kwamba anakwenda chuo cha Auburn. Auburn walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa taifa mwezi uliopita, kwa hiyo ilikuwa sherehe juu ya sherehe. Wakakaa kando ya mashine ya faksi kungoja karatasi yake. Haikuja. Siku chache baadaye kijana alisaini Alabama, watani wenyewe, ambako kaka yake Arie alikuwa tayari anacheza. Akachukua mataji mawili ya taifa huko.

Ili ujue ilikuwa hali gani: majira hayohayo ya baridi shabiki mmoja wa Alabama alipiga simu kwenye kipindi cha redio kujigamba kwamba ameitilia sumu mialoni ya kona ya Toomer's mjini Auburn, ile ambayo watu wa Auburn huirushia karatasi za chooni wakishinda. Hakuwa anatania. Miti ilikufa, ikakatwa 2013. Sasa mtoto wa miaka 17 anachagua kofia katikati ya watu wa namna hiyo, halafu tunashangaa anasitasita.

Upande wa pili wa ahadi hausemwi sana. Chuo kikimpata aliye bora zaidi, kijana wa chini yake hupigiwa simu akaambiwa nafasi imejaa. Hakuna kamera siku hiyo. Na makocha nao huondoka: Novemba 2021 Lincoln Riley aliiacha Oklahoma ghafla akaenda USC ya Los Angeles, na vijana waliokuwa wameahidi kumchezea yeye wakaamka asubuhi wameahidi chuo kisicho na kocha. Kwotabeki, yaani mrusha mpira, Malachi Nelson aliitengua ahadi yake Oklahoma, akamfuata Riley Los Angeles. Mashabiki wa Oklahoma walimwita majina, ila sijui walitaka afanye nini.

Dhana: Chuo kimemnunua, kama klabu inavyosajili

Hapa sisi wa nyumbani ndio tunaochanganya zaidi. Hakuna ada ya uhamisho. Sekondari aliyotoka kijana haipati senti, na chuo kikimpoteza kwenda kwa mahasimu kwa kawaida hakilipwi chochote. Klabu ya Kariakoo angalau hujifariji na bahasha, ila chuo hubaki na machungu peke yake.

Lakini pesa ipo, tena nene. Tangu Julai 1, 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, yaani matangazo, jezi, kusaini mipira. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, kikomo kikiwa takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote ikijumlishwa. Na wasikudanganye kwamba zamani mambo yalikuwa safi. Mwaka 1987 chuo cha SMU cha Dallas kilifutiwa msimu mzima kwa sababu wachezaji walikuwa wakilipwa chini ya meza. Kilichobadilika ni meza.

Mfano unaopendwa na wenye kusema "ni hela tu" ni Bryce Underwood, kwotabeki namba moja wa kundi la 2025. Alikuwa ameahidi chuo cha LSU cha Louisiana, kisha Novemba 2024 akageukia Michigan, na magazeti yakaandika mamilioni. Sawa. Ila Underwood ni mtoto wa Belleville, mji ulioko mwendo mfupi tu wa gari kutoka uwanja wa Michigan pale Ann Arbor. Mama yake anaweza kumwona akicheza na akarudi kulala kitandani kwake. Ukiwa na mtoto wa umri huo, mizani yako haipimi noti peke yake.

Na kuna Travis Hunter. Desemba 2021 alikuwa ameahidi Florida State, na alikuwa ndiye anayetajwa kuwa bora nchini. Siku ya saini akachagua Jackson State ya Mississippi, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi kinachocheza daraja la chini, kwa sababu kocha alikuwa Deion Sanders, ambaye naye alisoma hiyohiyo Florida State. Mashabiki wakakaa na kofia zao mkononi. Mwaka mmoja baadaye Sanders alihamia Colorado, Hunter akamfuata, na 2024 akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa anacheza kushambulia na kuzuia katika mechi ileile.

Kidogo nitoke nje ya mstari: kugombaniwa na vyuo vya Marekani si jambo geni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Washington State walikuwa na Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na UTEP ya El Paso walikuwa na Suleiman Nyambui wa Tanzania, bingwa wa mbio za nyika za vyuo mwaka 1980. Hatukuwaita wasaliti kwa kuchagua jangwa la Texas.

Dhana: Mtoto wa hapa lazima abaki hapa

Januari 2012, Landon Collins wa Louisiana ameketi mezani, mama yake kando, kamera mbele. Anatangaza Alabama. Utamwona mama anatikisa kichwa, midomo kaibana, mikono haipigi makofi. Mtangazaji anamfuata na kipaza sauti, naye hafichi: yeye bado ni LSU. Fikiria kijana anavyotabasamu kwa shida huku mzazi wake akimkana kwa upole mbele ya nchi nzima. Siku nne baadaye Alabama waliifunga LSU 21–0 kwenye fainali ya taifa.

Collins alikuwa na haki ya kutazama nani anachezesha mabeki vizuri zaidi, na kocha wa Alabama, Nick Saban, ndiye aliyekuwa ameipa LSU ubingwa wa 2003 kabla ya kuondoka. Kama ni usaliti, basi mwalimu alitangulia. Baadaye kijana alichukua taji la taifa na kuingia ligi ya kulipwa na New York Giants. Kuhusu mama, wanaowajua akina mama wa Kiswahili hawahitaji kuambiwa kwamba alikwenda uwanjani hata hivyo. Hilo nalibuni kidogo, lakini nina hakika nalo.

Dhana: Nyota tano ni uhakika, tumekosa ubingwa

Nyota, ambazo juu kabisa ni tano, ni makisio ya watu wanaotazama vijana wa miaka 16 na 17. Ni makisio mazuri, na vyuo vyenye nyota nyingi ndivyo kwa kawaida huchukua mataji, hilo tusilikatae. Ila kwa mtu mmoja mmoja hayashiki sana. J.J. Watt, aliyekuja kuwa mlinzi wa kuogopwa katika NFL, ligi ya kulipwa, alikuwa wa nyota mbili. Josh Allen alimaliza sekondari bila chuo kikubwa hata kimoja kumtaka, na leo ana tuzo ya mchezaji bora wa NFL ya msimu wa 2024. Cam Ward alianzia Incarnate Word, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawajui kiko wapi, na 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa klabu za NFL zilipogawana wachezaji wapya.

Dhana: Tukimwandikia wengi atajuta

Hajuti. Anafunga simu. Na wanaosoma zaidi yale matusi ni wadogo zake wa darasa linalofuata, ambao chuo chako kinawabembeleza wiki hiyohiyo.

Dhana: Akishakwenda ndiyo basi

Ilikuwa kweli zamani, mchezaji alipohama alilazimika kukaa benchi mwaka mzima. Tangu 2018 kuna lango la uhamisho ambamo mchezaji huandikisha jina lake na vyuo vingine huanza kumpigia simu. Tangu 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa, na tangu 2024 hata zaidi ya mara moja mradi masomo yake yako sawa. Kijana aliyekukataa Desemba anaweza kuwa wako Januari ya mwaka wa pili.

Januari 20, 2025, Atlanta, Ohio State wanaongoza fainali ya taifa dhidi ya Notre Dame lakini wameanza kuishiwa pumzi. Mpira ukarushwa mbali, Jeremiah Smith akaudaka, yadi 56, mechi ikaisha 34–23. Mzee alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Aliyerusha mpira ule ni Will Howard, na Howard kabla ya hapo alichezea Kansas State misimu minne. Sikumkumbusha mzee. Kwenye gari lake ana stika ya Joe Burrow wa Cincinnati Bengals, kijana wa Athens, Ohio, aliyeondoka Ohio State 2018 akaenda kuwapa LSU ubingwa. Hilo nalo sijawahi kumkumbusha.

Wiki ya mechi na Michigan, watani wa jadi wa Ohio State, huku watu huziba herufi M kwa utepe mwekundu, kwenye mabango ya chuo na popote zilipo. Novemba nilifika kazini nikakuta mzee ameziba M zote za ubao wa matangazo, za mashine ya soda, na ile ya jina langu kwenye kabati. Nikamwambia mimi nimeshakomiti, sihami. Akanitazama kwa muda, akasema, "Saini kwanza."