Mkunga mzima nikashindwa kunyonyesha kwenye kivuko

Mimi ni mkunga, kazi yangu ya kila siku ni kushika matiti ya watu (samahani lakini ndo ukweli), na akina mama niliowaelekeza namna ya kumuweka mtoto kwenye titi hapa Mwanza hata idadi sijui tena. Sasa zamu yangu ikafika. Mtoto wa kwanza, ana wiki saba, tumo kwenye kivuko tunavuka kwenda Kamanga kwenye msiba ukweni, akaanza kulia kile kilio cha njaa mimi nikaganda.

Nimejifunga mtandio vizuri, gauni la kitenge limebana shingoni na zipu iko mgongoni, maana asubuhi nilikuwa nawaza heshima ya msibani, titi sikuliwaza kabisa. Kulia kwangu vijana wa bodaboda, mbele yangu mzee anasoma gazeti. Nikambembeleza, nikampa kidole, wapi! Pembeni kulikuwa na mama mtu mzima ana gunia lake la dagaa, akaniangalia weee halafu akasema "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), mpe mtoto titi, unamsubiri nani?" Akavua khanga ya mabegani, inanuka dagaa hiyo, akanizungushia, akanishushia zipu mgongoni kama mwanae, nikachomoa mkono mmoja humo humo ndani.

Mtoto akashika, akavuta, akaachia, akalia zaidi. Titi limejaa gumu kama jiwe lakini maziwa hayashuki. Yule mama akaniambia "acha kuwaangalia watu, muangalie mtoto." Nikainamisha macho, kama dakika moja hivi nikasikia ile hali ya kuchomachoma, mtoto akaanza kumeza glu glu.

Kitaalamu yule mama alikuwa sahihi kuliko mimi mwenye cheti. Maziwa kutengenezwa na maziwa kushuka ni vitu viwili tofauti, homoni ya prolaktini ndo inatengeneza, homoni ya oksitosini ndo inabana vile vifuko vya ndani maziwa yatoke, na hii oksitosini ina aibu jamani, ukiwa na hofu au unaona haya inagoma kwa muda, ila ukimuona mtoto, ukimnusa, ukimsikia, inarudi. Kwahiyo mama anayesema "nikiwa mbele za watu maziwa yanakata" hadanganyi, hayajakata, yamezuiwa tu.

Ndo maana sipendi ile staili ya kumfunika mtoto gubigubi na shuka zito. Joto la mchana, mtoto anatoka jasho, wewe humuoni, anashika ncha ya chuchu tu badala ya kujaza mdomo na ile sehemu nyeusi, kesho yake chuchu zina vidonda. Chukua khanga moja, funga pembe mbili nyuma ya shingo, juu pabaki na uwazi wa wewe kumuona usoni na pua yake iwe huru. Anayepita haoni kitu. Fanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, sehemu inayokuacha wazi ni zile sekunde za kuanza, mtoto akishashika mwenyewe anakuziba.

Kusema utasubiri mpaka ufike nyumbani, hapana. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima usiku na mchana, na titi likiachwa limejaa linapokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, linapunguza kutengeneza. Na wale wanaokamua na kumwaga kwanza eti wametoka juani soko la Mwaloni maziwa yameharibika, jamani maziwa hayachachi ndani ya titi! Mpe tu. Wengine wanatoa kichupa cha maji kwenye daladala mtoto anyamaze, wakati maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji tayari, na chini ya miezi 6 hayo maji mengine ni kumtafutia kuhara.

Kwa mnaoajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, ukaombe. Mimi kwenye ofisi moja mjini nilienda kufuatilia karatasi zangu, nikauliza pa kukaa ninyonyeshe, nikaelekezwa chooni. Chooni! Nikamuuliza yule kaka na yeye chakula chake cha mchana anakulia huko? Nikakaa pale pale kwenye benchi na khanga yangu.

Nguo zangu zote siku hizi fundi anaweka zipu mbili za kujificha kwenye mishono ya mbele, kila upande yake. Mara ya kwanza aliniuliza za nini, sasa hivi akija mteja ana mimba anamuuliza yeye mwenyewe kabla hajakata kitambaa.