Fosforasi ya kiberiti ndiyo inayozuia plastiki kuwaka

Ule ukanda wa kahawia ubavuni mwa kiberiti una fosforasi nyekundu. Sisi tunaoshughulika na polima, yaani molekuli za minyororo mirefu zinazounda plastiki, huichanganya fosforasi hiyohiyo kwenye poliamidi (nailoni) ya vifaa vya umeme ili isishike moto.

Plastiki ikipata joto, minyororo yake hukatika na kutoa gesi. Gesi hizo ndizo zinazowaka, na mwali wake huzidi kuipasha plastiki. Fosforasi huuvunja mzunguko huo pande mbili. Ndani ya plastiki hugeuka asidi, ikainyang'anya polima maji na kuacha mkaa unaofunika kilichobaki. Hewani, vipande vyake vyenye oksijeni huzinasa radikali (vipande vya molekuli vilivyo tayari kuungana na chochote) za hidrojeni na hidroksili zinazoendeleza mwali.

Ila njia ya mkaa inategemea fosforasi unaiweka kwenye plastiki ipi. Poliamidi, poliesta na poliurethani, hata pamba, zina oksijeni ndani yake, kwa hiyo asidi ina pa kushika. Mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alitumia fosfati ya amonia, chumvi yenye fosforasi, kukinga vitambaa vya majumba ya maonyesho Ufaransa, mwaka 1821, na selulosi ya vitambaa, yenye oksijeni, ilimfaa. Polipropilini, ile ya ndoo na viti, ni kaboni na hidrojeni tupu. Ukiitilia polifosfati ya amonia, chumvi nyingine ya fosforasi, peke yake, utapata matokeo hafifu. Inabidi uongeze pentaerithritoli, aina ya alkoholi, itoe mkaa, na melamini, yenye nitrojeni nyingi, itoe gesi. Hapo moto ukigusa, uso huumuka kama andazi kwenye mafuta, na povu hilo jeusi huzuia joto lisipenye. Gharama yake ni kwamba mchanganyiko huo hula robo ya uzito wa plastiki au zaidi, nayo ikawa rahisi kuvunjika ikigongwa.

Fosforasi nyekundu haina ulafi huo: kwenye poliamidi yenye nyuzi za kioo, asilimia 5 hadi 8 hutosha. Lakini usitarajie kutengeneza soketi nyeupe kwa hiyo. Tena ikikutana na unyevu hutoa fosfini, gesi yenye sumu, pamoja na asidi zinazokula shaba. Ndiyo maana chembe zake huvikwa resini kwanza. Kwa kifaa kitakachofungwa Mombasa au Tanga, mimi ningeanza na dietili-fosfinati ya alumini, kiungo kingine cha fosforasi, ingawa bei yake inauma.

Halafu kuna lebo ya "haina bromini", yaani bila vile vizuia moto vya bromini vinavyoshukiwa kudhuru afya, ambayo wauzaji huitumia kama cheti cha usalama. Sicho. TCEP, kizuia moto kimojawapo, haina bromini, ni ya fosforasi, na Ulaya imeiweka kwenye orodha ya kemikali zisizotumika bila idhini kwa sababu inadhuru uzazi.

Ukiletewa plastiki yenye alama ya V-0, yaani iliyofaulu jaribio la kuzimika haraka bila kuwasha pamba kwa matone ya moto, uliza ilipimwa ikiwa na unene gani. Kipande cha milimita 3 kinaweza kuzimika ndani ya sekunde 10 zinazotakiwa, na plastiki hiyohiyo ikichongwa hadi milimita 0.8 ikadondosha matone ya moto na kuiwasha pamba iliyowekwa chini yake.