Ukikuta ctxB, jeni ya sumu ya kipindupindu, kwenye jenomu, isome herufi kwa herufi

Wanafunzi ninaofanya nao kazi ya jenomu (DNA yote) za bakteria huniuliza: nikishapata mfuatano wa DNA ya kimelea, nitajuaje kama kinaweza kumletea mtu ugonjwa? Huwa nawaelekeza kwanza VFDB, kanzidata ya jeni zinazowawezesha bakteria kuleta maradhi, inayotunzwa Beijing, China, na iliyo wazi bila malipo tangu 2004. Unapakia jenomu yako, inalinganishwa na jeni zinazojulikana, kisha unapewa orodha.

Orodha hiyo isikutishe. VFDB ina mafungu mawili: moja la jeni zilizothibitishwa maabara, na jingine linaloongeza zile zinazokisiwa kwa kufanana tu. Anza na la kwanza. La pili litakuletea hata jeni za mkia wa kuogelea, ambazo bakteria wengi wasio na madhara wanazo.

Chukua kipindupindu. Vibrio cholerae, bakteria wake, wengi wanaoishi majini hawana ctxA wala ctxB, jeni mbili zinazotengeneza ile sumu inayoharisha. Mwaka 1996 Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba jeni hizo hubebwa na virusi anayeingia ndani ya bakteria kwa kushika kinyweleo kiitwacho TCP. Kwa hiyo ukiona tcpA, jeni ya kinyweleo hicho, bila ctxB, usipite haraka: mlango upo, mgeni hajaingia.

Sasa tuseme ctxB imeonekana. Jeni hii ina herufi 375. Ukilinganisha aina ya ctxB7 na ile ya N16961, jenomu ya El Tor (aina mojawapo ya bakteria wa kipindupindu) iliyochapishwa mwaka 2000, utakuta tofauti tatu tu, kwenye herufi ya 58, ya 115 na ya 203. Jedwali la matokeo litaandika kwamba zinafanana kwa asilimia 99.2. Ukiwa umeweka kiwango cha chini cha kufanana cha asilimia 80 au 90, kama wengi wetu tunavyofanya, aina zote zitasomeka "ipo", na habari yenyewe imekupotea. Maana ctxB7 ndiyo iliyoonekana Haiti mwaka 2010, na baadaye Yemen. Kwamba kimelea cha Yemen ni cha ukoo mmoja na kilichokuwa kikisumbua Afrika Mashariki, nacho asili yake Asia Kusini, hilo lilijulikana kwa kulinganisha jenomu nzima. CtxB peke yake haitoshi kutaja ukoo. Lakini ni dalili ya kwanza, na inapatikana kwa dakika chache. Fungua mlinganisho wenyewe, tazama herufi hizo tatu.

Na ctxB isipoonekana kabisa? Virusi huyo mara nyingi hujirudia zaidi ya nakala moja ndani ya kromosomu, na programu za kuunganisha vipande vifupi vya DNA hukwama hapo hapo. Jeni hukatika ikaangukia pembeni mwa kipande. Kabla ya kuandika "haipo" kwenye ripoti ya mlipuko, rudi kwenye data ghafi ya mashine iliyosoma DNA uitafute humo moja kwa moja.