Elimu isiyo na mwisho: maana yake hasa

Elimu isiyo na mwisho ni kujifunza kunakoendelea tangu utotoni hadi uzeeni, shuleni na nje ya shule, kwa cheti au bila cheti. Wengi huichanganya na elimu ya watu wazima, lakini hiyo ni sehemu yake tu. Fundi cherehani mwenye miaka hamsini anayejifunza mshono mpya yumo. Daktari anayesomea tiba mpya yumo, na bibi anayefundishwa na mjukuu wake kutuma pesa kwa simu naye yumo.

Dhana hii inasimama juu ya imani moja: kila mtu anafundishika. Wanaoipinga hawakosekani. Wanatuambia samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina mahali pake katika malezi ya watoto, ila kuitumia kumfungia mtu mzima mlango wa darasa ni kumdhulumu.

Tanzania iliijaribu imani hii kwa taifa zima. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo, yaani ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, yakaenea hadi vijijini. Kanda ya Ziwa tayari ulikuwepo mradi uliosaidiwa na UNESCO, uliofuata mtindo wa kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kupitia habari za pamba yenyewe. Kwangu mimi, hili ndilo la kushika kuliko yote. Mtu mzima haji darasani mtupu. Anajua udongo, mvua, bei na deni. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi anaona faida ya kila neno analolisoma. Akimpa vihadithi vya watoto wa darasa la kwanza, mwenzetu anaona aibu, anaacha kuja, kisha sisi tunasema hafundishiki.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, kiongozi wa kikundi akawasomea kijitabu, wakajadiliana. Baada ya hapo walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Asiyejua hata herufi moja alijifunza sawa na wengine.

Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, takwimu rasmi zilionyesha wamebaki takriban mmoja katika kila kumi. Ila kusoma husahaulika kusipotumiwa, ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini, moja likiitwa Elimu Haina Mwisho. Aliyefuzu kisomo alihitaji kitu cha kusoma kesho yake, na keshokutwa.

Kenya nako yupo Mzee Kimani Maruge. Serikali ilifuta karo za shule za msingi 2003, naye mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84, akavaa sare na kuingia darasa la kwanza Eldoret. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alikwenda New York kwenye Umoja wa Mataifa kuzungumzia elimu ya bure. Alifariki 2009 bila kumaliza shule ya msingi, na sioni kwamba alishindwa: alichokitaka alikuwa anakipata siku kwa siku, darasani.

Kusema kila mtu anafundishika si kusema wote watajifunza kwa kasi moja au kwa njia moja. Mama wa sokoni hawezi darasa la asubuhi. Mpangieni la jioni. Asiyeona vizuri anahitaji miwani kabla ya kitabu. Na Tanzania leo, aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, na akifaulu akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, hata kama wanawe wako chuo kikuu.